Magunia Mawili ya Unga na Gari la Bwana Chege

Jumatano, 1 Agosti 2012

Baridi. Bomba limekohoa kabla ya kutoa maji. Vidole vimepasuka tena. Nimeosha magari tangu asubuhi na sasa sina hakika kama mikono bado ni yangu.

Lakini leo kuna habari!

Bwana Chege amekuja. Huyu ni Mkenya wa benki. Anakaa Midrand, ila gari analileta kuoshwa huku Malvern, Jules Street, kwa Mussa, bosi wetu. Anasema kule kwao magari yanaoshwa na mashine, na mashine haijui kupiga soga. Amenunua gari la spoti. Milango miwili, rangi ya kiini cha yai, limejiinamia kama paka anayevizia panya. Mkono wake wa kulia uko kwenye plasta, alianguka akicheza mpira wa maofisa. Kwa hiyo gari limeletwa na mke wake, Madam Maryanne. Aliliingiza kinyumenyume kati ya kombi na ukuta bila kupunguza redio.

Bwana Chege alitangaza. Alhamisi ijayo ni sikukuu, Siku ya Wanawake. Redio imesema theluji itaanguka milimani, upande wa Harrismith. Yeye hajawahi kugusa theluji. Anataka kwenda kuigusa, kwa gari hili hili, na anatafuta dereva anayejua kuendesha kwenye theluji. Atakayempeleka na kumrudisha salama atabaki kuwa dereva wake wa kudumu.

Dereva! Dereva anakaa kwenye joto. Nimeingia ndani kufuta vumbi, nikaona kuna kitufe cha kupasha kiti moto. Kiti chenyewe! Mtu anakalia jua huku analipwa mshahara.

Mussa aliuliza kwa nini Madam asiendeshe. Bwana Chege alicheka. Alisema mjini ni sawa, lakini theluji, bwana, theluji si mchezo. Madam alikuwa anakula karanga.

Kabla sijafikiri, mdomo wangu ulikuwa umekwisha kusema. Nilisema mimi theluji naijua tangu utotoni, natoka Mugamba, milima ya juu kabisa Burundi, kule mashamba ya chai yanaamka meupe. (Ni mvua ya mawe. Lakini inatoka juu, ni nyeupe, ni baridi. Tofauti iko wapi?)

Basi Gaston naye! Gaston ni Mkongomani wa Lubumbashi, anayeosha vioo tu kwa sababu hataki kulowesha viatu. Alinyoosha kola. "Mimi nimeona baridi ya Bruxelles, mon vieux. Mugamba yenu ni friji. Bruxelles ni friza."

Mussa, ambaye ni mtu wa Tanga, alituambia sote tunyamaze. Theluji ya Afrika ni ya Tanzania, iko juu ya Kilimanjaro, sisi wengine tunaikopa tu. Bwana Chege akasema Kilimanjaro huonekana vizuri zaidi ukiwa Kenya. Hapo kazi ilisimama.

Uamuzi: gari litaletwa Jumatatu, Jumatano tutajaribiwa, mimi na Gaston, mmoja mmoja.

Leseni ninayo. Ya nyumbani, ya karatasi. Imekunjwa mpaka picha yangu imepata makovu.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimeanza utafiti. Nimemuuliza fundi wa gereji ya jirani, gari la namna ile lina hatari gani.

Amesema tatizo lake ni kwamba magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Ya mbele yanaongoza tu. Na injini, yaani uzito wote, iko mbele. Nyuma ni nyepesi. Kwenye utelezi, nyuma inataka kuipita mbele.

Nimewaza jambo hili huku nasugua kombi nzima. Nyuma inataka kuipita mbele. Inakwenda wapi? Ina haraka gani?

Akasema tena, nyuma ikiteleza, geuza usukani upande ule ule inakokwenda. Nyuma ikienda kushoto, geuza kushoto. Nikamwambia lakini hapo nitakuwa nalifuata kosa. Akasema ndiyo. Nikamwambia kwetu ng'ombe akikimbilia shamba la mtu hatumfuati, tunamkata mbele. Akasema gari si ng'ombe.

Halafu, usikanyage breki kwa nguvu. Na usikanyage mafuta kwa nguvu. Nikamuuliza sasa miguu inafanya kazi gani humo ndani? Amerudi chini ya gari lake.

Jioni Gaston alipita akasema, bila kuulizwa, kwamba Bruxelles wanamwaga chumvi barabarani ili theluji isigande. Nilicheka sana. Barabara si mboga. Lakini sasa nimelala nawaza. Kwa nini ameniambia? Labda ni uongo, ili nimwage nichekwe. Au ni kweli, na amejua nitadhani ni uongo, ili nisimwage. Mkongomani huyu ana akili za ghorofa.

Ijumaa, 3 Agosti

Mussa alikwenda msikitini. Uwanja ukabaki wangu.

Wazo langu ni hili. Povu ni jeupe, povu linateleza, basi povu ni theluji isiyo na baridi. Nimemwaga sabuni ya magari sakafuni, ndoo kwa ndoo, mpaka uwanja ukawa mweupe wote. Kulikuwa kuzuri! Kisha nimechukua bakki ya Mussa, ile pikapu kuukuu, ambayo nayo inasukumwa na nyuma.

Nimekanyaga mafuta kidogo. Haikwenda. Nimekanyaga zaidi. Ilikwenda, lakini si nilikokuwa natazama. Nyuma ilitaka kuipita mbele, kama fundi alivyosema! Nilifurahi kuona kwamba si mwongo. Nikageuza usukani. Upande gani, sikumbuki. Bakki ilijizungusha polepole, ikaingia katikati ya mazulia ya wateja yaliyoanikwa kwenye kamba, ikasimama humo kama bwana harusi.

Hakuna kilichovunjika. Zulia moja tu lina alama za tairi, na lilikuwa na maua hata hivyo.

Funzo: mazulia yanazuia utelezi. Hili fundi hakulijua.

Mussa aliporudi aliuliza kwa nini uwanja unang'aa. Nimemwambia ni kwa heshima ya Ijumaa.

Jumamosi, 4 Agosti

Nimeamua kwamba chumvi ni kweli. Nimenunua chumvi ya mawe dukani, nikaimwaga asubuhi na mapema getini, nione barabara inasemaje. Nyingine ikaruka mpaka mlangoni kwa jirani, mama anayeuza magwinya, yale mandazi yao yasiyo na sukari.

Mama alifika, akaona chumvi, akaacha beseni likaanguka.

Sikujua. Nani angeniambia? Kumbe hapa chumvi ya mawe ni kitu cha manabii. Inamwagwa kufukuza kitu, au kuleta kitu, hata sasa sijaelewa ni kipi. Mama alitaka kujua nani anamfukuza. Nimemweleza kwamba ni kwa ajili ya theluji. Alitazama juu. Mbingu zilikuwa za bluu kama sahani. Akauliza theluji gani? Nikasema ile ambayo haijaja. Hapo ndipo alipopiga simu.

Wamekuja wanawake wa kanisa lake wenye kanzu nyeupe na mikanda ya kijani. Wameimba getini kwetu mpaka mchana. Sauti nzuri sana, lakini hakuna mteja anayeingiza gari katikati ya maombi. Mussa alikaa juu ya ndoo, kichwa mikononi. Gaston alikuwa anapiga makofi kwa kufuata wimbo.

Nimefagia chumvi yote kwa mikono. Imeingia kwenye nyufa za vidole. Mama yangu wee!

Jumapili, 5 Agosti

Baada ya kanisa nimekwenda Yeoville kwa Gaudence. Ni Mrundi mwenzangu, anauza vyakula vya nyumbani sokoni Rockey Street. Unga wa muhogo, maharage, dagaa. Nikipata udereva nitamwambia neno. Bado sijalipanga, lakini litakuwa na neno "nyumba" ndani yake.

Fundi alisema nyuma ya gari ni nyepesi. Basi dawa ni uzito kwenye buti. Hili nimeliwaza peke yangu. Na uzito uko wapi? Kwa Gaudence! Magunia mawili ya unga, mazito kama wakwe.

Gaudence alisema, "Ewe Léonce, unga ni wa watu kula, si wa kutembezwa." Nilimwambia unga hautafanya kazi yoyote. Utakaa tu. Aliuliza kwa nini nisitumie mchanga, mchanga hauna mwenyewe. Nilimwambia gari la tajiri haliingizwi mchanga, ni uchafu. Alisema magunia yale yameagizwa na watu wa harusi, Jumamosi ijayo yaive. Nilimwapia yatarudi kabla ya hapo, na punje haitapotea. Akasema unga hauna punje.

Lakini amenipa. Alinitazama mikono, akanipa na mafuta ya kupaka. Nimerudi na magunia kwa teksi, kila moja likikaa kwenye siti yake kama abiria.

Jumatatu, 6 Agosti

Gari limefika. Madam Maryanne amelileta, akapanda gari dogo la rafiki yake, akaondoka. Alisema tu, "Léonce, lioshe vizuri. Na usiguseguse."

Sikuligusagusa. Nimelichunguza.

Ugunduzi mkubwa! Pale mbele kuna kitufe chenye picha ya gari dogo, na nyuma ya magurudumu yake kuna mistari miwili iliyojipindapinda kama nyoka. Gari linateleza! Ni wazi kabisa. Hiki ni kitufe cha theluji. Ukikibonyeza, gari linajua kwamba kuna utelezi. Wazungu wanafikiria kila kitu. Sikumwambia Gaston.

Magunia yameingia kwenye buti kwa taabu. Mlango wake haukufungika, nimeufunga kwa kamba.

Kisha, jambo la mwisho. Hili silijivunii, wala silijutii. Jioni nimemwaga maji kwenye mteremko wa getini. Usiku yatagandishwa na baridi, na nitafanya hivyo tena kesho. Jumatano, Gaston akianza mtihani wake, tutaona Bruxelles inasimamaje. Mimi nitaomba nitumie geti la nyuma.

Jumanne, 7 Agosti

Leo siyo baridi tu.

Theluji imeanguka. Siyo Harrismith. Hapa! Jules Street!

Ilianza baada ya chai ya asubuhi. Nilidhani ni majivu, kuna mtu anachoma takataka. Kisha nikadhani ni manyoya, maana kuna mwanamke anauza kuku hai pale kona. Gaston alitoka na kitambaa chake, akatazama juu. Nilimuuliza, ni yenyewe? Alinyoosha kola. Mtu wa Bruxelles! Kisha akatoa ulimi, akaonja. "Haina chumvi," akasema.

Watu walitoka madukani. Muuza simu amelala chali barabarani akicheka peke yake. Mama wa magwinya alipiga magoti, kisha akanionyesha kidole mimi, akawaambia wenzake jambo, na wote wakanitazama kwa heshima mpya. Hata dereva mmoja wa teksi alisimama roboti, yaani taa za barabarani, ikiwa ya kijani, na nyuma yake hakuna aliyepiga honi. Jambo hilo sijaliona tangu niingie nchi hii.

Nimeshangaa ilivyo laini. Ile ya Mugamba inapasua migomba. Hii inakuangukia kama mtu anayeomba radhi.

Simu ya Mussa ikalia. Bwana Chege, ofisini kwake Midrand, anapiga kelele kama mtoto. Mtihani ni leo! Aletewe gari sasa hivi, theluji ikiwa bado inaanguka, apige nalo picha.

Mimi na Gaston tuliukamata ufunguo pamoja. Tulivutana. Mwisho Mussa alisema Léonce aendeshe, Gaston asimame nyuma amwongoze kutoka, na wote wawili tumtaje Mungu.

Geti la nyuma lilikuwa limezibwa na kombi. Sikuwa na njia ila mteremko. Mteremko wangu.

Nimewasha gari. Nimewasha kiti. Nimebonyeza kitufe cha theluji, taa ndogo ya manjano ikawaka, nikajua tuko tayari. Gia ya kwanza. Mafuta. Magurudumu ya nyuma yalilia, gari halikwenda. Nikakumbuka funzo la mazulia! Nilishuka, nikatoa yale mazulia madogo ya miguuni ya gari lenyewe, nikayatia chini ya magurudumu ya nyuma, moja moja. Nikapanda. Nikakanyaga mafuta kama mwanamume.

Gari halikwenda. Mazulia yalikwenda. Nimeyaona kwenye kioo yakiruka kama popo. Moja lilimpata Gaston kifuani na la pili likamfunika uso.

Lakini baada ya hapo magurudumu yalishika! Tulipaa! Gari liliruka mteremko, likatoka getini, na nyuma ikaanza safari yake yenyewe. Sasa, geuza upande nyuma inakokwenda. Vizuri. Inakwenda wapi? Nilitazama kwenye kioo cha ndani ili nione nyuma. Kwenye kioo kushoto ni kulia, au siyo? Na nyumbani usukani uko kushoto, hapa uko kulia. Nilipokuwa bado nauliza maswali haya gari lilizunguka. Nimeona duka la simu, mama wa magwinya, roboti, Mussa, duka la simu, mama wa magwinya. Kamba ya buti ilikatika. Gunia likapasuka.

Unga wa muhogo, jamani! Ulipanda juu kama wingu, ukawashukia watu wa Jules Street. Walishangilia. Walidhani mbingu zimeongeza. Kuna msichana amepigwa picha akiwa ameukinga kwa viganja.

Gari lilimaliza kuzunguka, likarudi kinyumenyume kupitia geti lile lile, likashuka mteremko na kusimama kwenye mazulia ya wateja. Halina hata mkwaruzo. Mimi nilikuwa nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, nilisikia miluzi. Vijana wa mtaa walikuwa wamejaa getini. Hapa wanapenda sana mchezo wa kuzungusha magari, wanaufanya hata mazishini. Walipiga makofi. Waliniita madala, yaani mzee, wakasema madala ni hatari, eish, arudie! Mmoja alikuwa ameshapiga video na kuituma.

Niseme kweli, nilishusha kioo na kupunga mkono.

Nikamwambia Gaston, aliyekuwa mweupe kutoka nywele mpaka viatu, basi zamu yake. Alitazama ufunguo kama mtu anayetazama nyoka. Ndipo aliposema. Bruxelles alipita tu. Uwanja wa ndege. Aliiona theluji kupitia dirisha, akisubiri ndege nyingine, na dirisha lilikuwa na ukungu.

"Mwongo!" nilimwambia. Mtu mzima, kudanganya jambo la hatari namna hii!

Kabla hatujamaliza, Madam Maryanne aliingia. Ile video ilikuwa imefika Midrand kabla yetu. Bwana Chege aliiona, akampigia mke wake, ambaye ofisi yake iko karibu na hapa. Madam alilitazama gari. Alimtazama Gaston. Alitazama buti. Akasema, "Ingieni."

Mimi kiti cha mbele, Gaston nyuma, magoti masikioni. Madam aliona ile taa ya manjano, akauliza nani amebonyeza hiki. Nilisema mimi, ni kitufe cha theluji. Alifunga macho kidogo. Kumbe gari lina kitu chake cha kulizuia lisiteleze, na kile kitufe kinakizima. Mimi nilikuwa nimekizima! Sasa kwa nini wamechora gari linaloteleza? Wangechora gari lililotulia.

Alikibonyeza tena. Akaweka gia ya pili, siyo ya kwanza. Akaachia klachi polepole kama mtu anayemlaza mtoto, na gari likapanda mteremko ule ule bila neno. Alisema amekulia Kinangop, kwenye matope. Baba yake alikuwa na pikapu ya kusukumwa na nyuma, imejaa viazi, na msimu wa mvua ni yeye aliyekuwa anaipeleka sokoni. Tope na theluji, alisema, ni ndugu. Nenda polepole, acha nafasi mbele yako, breki mapema na kwa upole, na usiwe na ghafla yoyote, ya mguu wala ya mkono. Aliniambia nimtazame vizuri, nijifunze, maana Bwana Chege bado anaweza kunipa nafasi.

Nilimtazama. Nilitaka kweli. Lakini kile kiti! Joto lilianzia chini, likapanda mgongoni, likafika kwenye vidole. Tangu mwezi wa tano sijahisi vidole vyangu vyote kwa pamoja.

Nimeamshwa Midrand. Gaston anasema nilikoroma tangu Jules Street.

Bwana Chege alikuwa nje ya ofisi na kamera. Alimwona mke wake akishuka upande wa usukani. Aliitazama theluji juu ya gari, akanitazama mimi na mate shavuni. Hakupiga picha.

Jumatano, 8 Agosti

Unga, theluji iliyoyeyuka na buti. Ukichanganya vitu hivyo vitatu na kuviacha vikae usiku, unapata ugali. Mbichi, wa baridi, umeshika kila kona. Nimeutoa kwa kijiko. Gaston amesaidia, ingawa hakuna aliyemwomba. Anasema kwao ungehitaji moto tu na samaki.

Gaudence amekuja mwenyewe. Gunia moja zima, la pili ndani ya ndoo. Hakupiga kelele. Bora angepiga. Alisema harusi ni Jumamosi, na kwamba mimi nitakuwa jikoni huko tangu asubuhi nikisonga, mpaka mgeni wa mwisho aseme ameshiba. Kisha akasema neno "nyumba". Alisema nirudi nyumbani kwangu.

Mussa alinionea huruma. Alisema, "Léonce, mchimba kisima huingia mwenyewe." Nimemwambia sijachimba kisima chochote. Nilimwaga maji tu. Alikwenda kukaa juu ya ndoo yake.

Nimewaza sana maneno ya Madam. Tope na theluji ni ndugu. Haiwezekani. Tope nalijua. Mugamba sisi tumezaliwa ndani ya tope, nimeendesha lori la chai kwenye tope mvua nzima, gia ya pili, polepole, majani ya chai yamejaa nyuma, na sijawahi kuanguka hata mara moja. Lile ni tope. Theluji ni kitu cha wasomi.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikukuu. Hakuna kazi. Theluji imekwisha, kumebaki alama nyeusi kando ya njia.

Wamepita asubuhi kunionyesha kwamba hawana kinyongo. Madam kwenye usukani, Bwana Chege pembeni, plasta yake imevishwa soksi. Wanakwenda Harrismith. Bwana Chege alishusha kioo. Alisema kuhusu ile nafasi ya dereva, imepata mtu. Alimwelekezea kidevu mke wake. Madam akasema yeye hajakubali bado, mshahara wanazungumza njiani. Wakacheka wote wawili.

Nikamwomba kitu kimoja. Kama naweza kukikalia kile kiti kidogo kabla hawajaondoka. Madam alinipa karanga.

Nimebaki na ndoo. Maji ya baridi yananijua kwa jina.

Jumamosi, 11 Agosti

Nimesonga ugali tangu kabla ya jua. Mwiko mkubwa kama kasia. Harusi nzuri. Gaudence alinipitia mara nyingi akionja, na mwishoni alisema umeiva. Umeiva! Nadhani hali inabadilika.

Pale harusini nimekutana na Bwana Khatibu. Mtanzania, ana kampuni ya mizigo. Amenunua boti ya injini, ya kwenda mbio, ataiweka kwenye bwawa la Vaal wikendi ijayo. Anatafuta mtu anayejua kuendesha boti. Kazi ya kudumu. Akasema ina kibanda cha kioo, na ndani ya kibanda kuna hita.

Nikamwambia mimi ni mtoto wa Ziwa Tanganyika.

(Mugamba iko mbali na ziwa. Lakini siku isiyo na ukungu unaliona kwa chini kule, linang'aa. Nimelitazama miaka mingi.)

Gaston, aliyekuwa amekuja kula bila kualikwa, akasema yeye alikuwa nahodha wa mto Congo. Mtu wa Lubumbashi, ambako mto huo haupiti! Mwongo yule hatakoma.

Tayari nimeanza utafiti. Bwana Khatibu anasema injini ya boti iko nyuma, na inasukuma kutoka nyuma. Nimecheka kimoyomoyo. Mambo ya kusukuma kutoka nyuma nani atanifundisha mimi? Nimemwendea Gaudence jikoni, nikamwomba gunia jingine la unga, la kuweka nyuma ya boti ili isipepesuke.

Aliuliza kama najua kuogelea. Nimemwambia dereva haogelei.